Sindano au Mwanga: Njia Mbili za Kuondoa Nywele Zisizotakiwa

Makala ya wiki hii yanahusu jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, ingawa linawakera wanawake na wanaume wa kila umri: nywele zinazoota mahali zisipotakiwa, na njia mbili zinazodaiwa kuziondoa kwa muda mrefu au moja kwa moja, yaani sindano ya umeme na mwanga wa leza.

Alfajiri, kabla ya watu wa nyumbani kuamka, mwanamke husimama mbele ya kioo akiwa na kibano mkononi. Hung'oa unywele mmoja kidevuni, kisha wa pili, kisha wa tatu. Akimaliza hujipaka poda, hujifunga mtandio na kutoka kwenda kazini. Siku tatu baadaye yuko pale pale mbele ya kioo. Mwanamke huyo anaweza kuwa Muscat, Dubai, London au Minneapolis, na anaweza kuishi hivyo miaka kumi bila ya mama, mume wala shoga yake kujua. Kwa upande mwingine yupo mwanamume mwenye ndevu za kipilipili ambaye kila anaponyoa, shingo humjaa vipele, kwa kuwa ncha za ndevu zilizokatwa hujikunja na kuingia tena ndani ya ngozi.

Watu hao wawili wanapopita mbele ya saluni za miji mikubwa hukutana na tangazo lile lile: nywele zitaondoka, hazitarudi tena. Bei imeandikwa, picha ya mguu laini imebandikwa, na mara nyingi mguu huo ni wa mtu mweupe. Hapo ndipo lilipo suala la leo. Njia hizi mbili hazimtazami kila mtu kwa jicho moja. Ile inayomfaa jirani mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi inaweza kumuunguza mtu mwenye ngozi nyeusi, na isiwe na faida yoyote kwa bibi mwenye mvi.

Ili kuelewa sababu yake, inafaa kwanza kuutazama unywele wenyewe. Kila unywele huota ndani ya kitundu chembamba kwenye ngozi, kinachoitwa kinyweleo. Chini ya kitundu hicho limo shina, ambalo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Unywele ukikatwa kwa wembe au uking'olewa kwa uzi, kwa nta au kwa sukari iliyopikwa na ndimu, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Kiarabu, shina hubaki na kuotesha unywele mwingine. Aidha, nywele za mwili haziendi sambamba. Nyingine zinakua, nyingine zinasinyaa, na nyingine zimepumzika zikisubiri kuanguka. Ni zile zinazokua tu ambazo zimeshikamana vizuri na shina, na hizo ndizo zinazoweza kuangamizwa barabara. Kwa sababu hiyo hakuna njia yoyote inayomaliza kazi kwa siku moja. Anayeahidi hivyo, ama hajui ama anadanganya.

Njia ya sindano ndiyo kongwe. Mwaka 1875, daktari wa macho wa mji wa St. Louis nchini Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyotumia sindano yenye umeme kuwatibu wagonjwa ambao kope zao ziliota kuelekea ndani na kulikwaruza jicho, kama inavyowatokea hadi leo baadhi ya wagonjwa wa trakoma. Kope alizoziunguza kwenye shina hazikuota tena. Kutoka kwenye kope, njia hiyo ilihamia kwenye kidevu na mdomo wa juu, na ikapewa jina la elektrolisisi.

Katika njia hiyo, mtaalamu huingiza sindano nyembamba mno ndani ya kitundu ambamo unywele umeota, kisha hupitisha umeme kidogo. Umeme wa mkondo mmoja hubadilisha maji na chumvi vilivyomo ndani ya kitundu kuwa kemikali kali, ya jamii ile ile ya magadi yanayotumika kutengenezea sabuni, na kemikali hiyo ndiyo inayoliangamiza shina. Katika miaka ya 1920 ilizuka njia ya pili inayotumia umeme wa masafa ya juu, ambao huunguza shina kwa joto, na kazi hiyo huchukua muda mfupi zaidi. Baadaye njia hizo mbili zikaunganishwa na kuwa njia ya mchanganyiko. Katika zote tatu, unywele ulioangamizwa sawasawa huchomoka kwa kibano bila ya kushindana.

Sifa kubwa ya sindano ni kwamba haijali rangi. Ngozi iwe nyeusi tititi au nyeupe, unywele uwe mweusi, mwekundu au wa mvi, umeme hufanya kazi ile ile. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, huitambua elektrolisisi kuwa njia ya kuondoa nywele moja kwa moja. Dosari yake kubwa ni muda. Sindano huingia katika unywele mmoja mmoja. Kidevu chenye nywele nyingi huhitaji ziara za kila wiki au kila wiki mbili, na kazi yote inaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Miguu miwili mizima ni kazi ambayo wachache huwa na subira nayo. Tena inauma, wapo wanaofananisha maumivu yake na kuumwa na siafu. Na kila kitu hutegemea mkono wa mfanyakazi. Sindano ikikosea njia, au umeme ukizidi, ngozi hubaki na makovu au madoa meusi, na wale ambao makovu yao huvimba na kuwa keloidi, jambo linalowapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, wanapaswa kulitaja hilo kabla ya kuanza.

Ama kuhusu mwanga, historia yake ni fupi zaidi. Leza ya kwanza iliwashwa nchini Marekani tarehe 16 Mei mwaka 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman, ambaye alitumia fimbo ya yakuti. Mwaka 1983, madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza kanuni ambayo leza nyingi za ngozi zimejengwa juu yake: mwanga wenye rangi maalumu, ukipigwa kwa muda mfupi sana, unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kukiacha salama kilicho kando yake. Katika miaka ya 1990 kanuni hiyo ilianza kutumika katika kuondoa nywele, na kabla ya muongo huo kumalizika mashine za aina hiyo zilikuwa zimeidhinishwa kuuzwa Marekani.

Kitu kinachotafutwa na mwanga huo ni melanini, yaani rangi ya asili inayofanya unywele kuwa mweusi. Mfano wake haupo mbali. Watu wawili wakisimama juani Muscat wakati wa adhuhuri, aliyevaa shati jeusi huhisi joto upesi kuliko aliyevaa kanzu nyeupe, kwa sababu rangi nyeusi hunywa mwanga na kuugeuza kuwa joto. Ndivyo ilivyo ndani ya ngozi. Unywele mweusi hunywa mwanga wa leza, hupata moto, na joto hilo huliunguza shina. Mpigo mmoja hufunika nywele nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana makwapa hukamilika kwa dakika chache. Kwa kawaida huhitajika ziara sita au nane, zikiachana kwa wiki nne hadi nane, kulingana na sehemu ya mwili.

Lakini melanini haimo ndani ya unywele peke yake. Ndiyo hiyo hiyo inayoipa ngozi ya Mwafrika weusi wake. Leza isiyochaguliwa vizuri haiwezi kutofautisha weusi wa unywele na weusi wa ngozi. Mwanga uliokusudiwa kufika kwenye shina hunywewa na ngozi ya juu, nayo huungua. Matokeo ni malengelenge, kisha madoa meusi au mabaka meupe yanayoweza kudumu kwa miezi mingi, na mara nyingine makovu. Mtu aliyekwenda kuondoa nywele tano kidevuni hurudi na baka ambalo poda hailifichi.

Wataalamu walilitafutia tatizo hilo ufumbuzi, na ufumbuzi huo upo. Urefu wa mawimbi ya mwanga hupimwa kwa nanomita. Leza ya aleksandriti ina nanomita 755, ya dayodi ina takriban 800 hadi 810, na ile inayojulikana kwa jina la Nd:YAG ina 1,064. Kadiri mawimbi yanavyokuwa marefu, ndivyo mwanga unavyopenya chini zaidi na kunywewa kidogo na melanini ya ngozi ya juu. Kwa hiyo Nd:YAG, ikiambatana na kifaa cha kuipoza ngozi, ndiyo inayohesabiwa kuwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Haina nguvu sana juu ya nywele nyembamba, lakini imewasaidia wanaume wengi weusi wenye vipele vya ndevu, kwani nywele zikipungua na kuwa laini, vipele navyo hupungua.

Inafaa kuashiria hapa tofauti ya maneno ambayo saluni nyingi huificha. FDA haisemi kwamba leza huondoa nywele moja kwa moja. Inasema kwamba leza hupunguza nywele kwa kudumu, yaani idadi ya nywele zinazoota tena baada ya matibabu hubaki kuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Baadhi hurudi, zikiwa nyembamba na hafifu, na wengi hulazimika kurejea mara kwa mara kwa matibabu ya ziada. Aidha, nywele nyeupe, za dhahabu na za mvi hazina melanini ya kutosha, hivyo leza hupita bila ya kuzigusa. Mama aliyekoma hedhi na kuota nywele nyeupe kidevuni akilipia leza, amelipia bure. Dawa yake ni sindano.

Lipo na jambo la kushangaza zaidi. Kwa baadhi ya watu, leza huamsha nywele badala ya kuziua. Malaika mepesi ya shavuni na shingoni hugeuka kuwa nywele nene na nyeusi. Hali hiyo imeonekana zaidi usoni na shingoni kwa wanawake wenye asili ya Mashariki ya Kati, ya nchi za Bahari ya Mediterania na ya Asia Kusini. Kwa familia za Oman na za mwambao wa Afrika Mashariki zilizochanganya damu na Uarabuni au Bara Hindi, hilo si jambo la kupuuzwa. Malaika mepesi ya usoni ni bora yasipigwe leza.

Ahadi ya kuondoa nywele bila ya maumivu na bila ya kurudi si mpya, na historia yake ina funzo. Katika miaka ya 1920, saluni nyingi za Marekani ziliweka mashine zilizoitwa Tricho, zilizotumia mionzi ya eksirei. Wateja walikaa mbele ya mashine kwa dakika chache, hawakuhisi chochote, na nywele zao zikaanguka kweli. Baada ya miaka, ngozi zao zikaanza kukunjamana, zikapata vidonda, na wengine wakapata saratani na kufa. Waliokuwa wakiziendesha mashine hizo hawakuwa wameyasomea madhara ya mionzi. Leza haina mionzi ya aina hiyo, na haifai kulinganishwa na eksirei kwa madhara. Kinachofanana ni hali ya kuweka mashine yenye nguvu mikononi mwa mtu ambaye elimu yake haijulikani.

Hata jambo dogo kama dawa ya ganzi linaweza kuua. Mwezi Februari mwaka 2007, FDA ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwengine wa miaka 25, kufariki dunia nchini Marekani. Wote wawili walijipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki, wakijitayarisha kwa leza. Dawa ikaingia kwa wingi katika damu, wakapata degedege, wakapoteza fahamu na hawakuzinduka. Kwa hiyo krimu ya ganzi ipakwe sehemu ndogo tu, kwa kiasi kilichoelezwa na daktari au mfamasia, na isifunikwe kwa plastiki nyumbani.

Msikilizaji anaweza kudhani kwamba katika nchi zilizoendelea serikali inamlinda. Si kila mahali. Nchini Uingereza, ndani ya England, vituo vya leza ya urembo viliondolewa katika usajili wa taasisi ya kitaifa ya kusimamia huduma za afya mwezi Oktoba mwaka 2010. Katika mitaa mingi ya London leseni ya manispaa bado inahitajika, lakini miji mingine haina utaratibu kama huo. Cha ajabu ni kwamba wafanyakazi wa sindano ya umeme wanaweza kutakiwa kujisajili na manispaa zao chini ya sheria ya mwaka 1982, pamoja na wachora chale na watoga masikio. Nchini Marekani sheria hutofautiana baina ya jimbo na jimbo. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni mteja mwenyewe na maswali yake.

Kabla ya maswali hayo lipo moja la kujiuliza nyumbani. Nywele hizi zimetoka wapi? Mwanamke aliyekuwa nazo kidogo tangu utotoni, kama mama na shangazi zake, huenda hana ugonjwa wowote. Lakini nywele nene zikianza kuota kidevuni, kifuani au tumboni, na hedhi ikawa inaruka miezi, chunusi zikazidi au uzito ukaongezeka, huenda homoni zimevurugika. Sababu kubwa ni ugonjwa wa ovari ambao kwa muda mrefu umejulikana kwa kifupi cha PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Ugonjwa huo unaweza kuchelewesha ujauzito na unahusishwa na kisukari. Na ikiwa nywele zimezuka kwa ghafla na sauti imekuwa nzito, mwanamke amuone daktari upesi, kwani mara chache chanzo huwa ni uvimbe unaotoa homoni. Bila ya kutibu chanzo, sindano na leza ni sawa na kufagia maji huku bomba liko wazi.

Baada ya hayo, uamuzi huwa rahisi zaidi. Mwenye nywele nyeusi na nene katika sehemu kubwa kama miguu, makwapa au mgongo, leza humfaa, kwa sharti kwamba mashine inalingana na rangi ya ngozi yake. Mwenye nywele chache kidevuni, mwenye mvi, na mwenye malaika mepesi usoni, sindano ndiyo inayomfaa. Wapo wanaotumia zote mbili: leza hupunguza wingi kwanza, kisha sindano humalizia zilizobaki. Kwa gharama, ziara moja ya leza huwa ghali lakini ziara ni chache; sindano hulipiwa kwa dakika, na dakika hizo hujumlika. Ama vifaa vya mwanga vya kutumia nyumbani, vingi havikutengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeusi sana, na chati ya rangi iliyomo ndani ya boksi husema hivyo waziwazi. Isomwe kabla ya kununua.

Anayekwenda kwenye leza aulize: mashine hii ni ya aina gani, na ina nanomita ngapi? Umeshawahudumia watu wenye ngozi kama yangu? Utanijaribu kwanza katika sehemu ndogo na kusubiri kabla ya kuendelea? Madoa kwenye ngozi nyeusi yanaweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Miwani ya kinga iko wapi? Anayekwenda kwenye sindano aulize kama sindano ni mpya na imefunguliwa mbele yake, kwani sindano iliyotumiwa na mwengine inaweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani asikubali sindano ya umeme bila ya idhini ya daktari wake, na mjamzito ni bora aahirishe zote mbili. Anayejiandaa kwa leza asing'oe nywele kwa wiki kadhaa kabla yake, kwani leza huutafuta unywele ulio kwenye shina; kunyoa kwa wembe kunaruhusiwa. Naye aliyerejea London kutoka likizo Mombasa, akiwa bado na rangi ya jua la pwani, asubiri kwanza mpaka ngozi irudi katika hali yake.

Mfanyakazi mwema hachukizwi na maswali hayo. Akikasirika, akacheka, au akasema kwamba mashine yake ni ya watu wote, mteja ana haki ya kuchukua mkoba wake na kuondoka. Nywele za kidevuni zinaweza kusubiri wiki nyingine. Ngozi ikishaungua, huwa si rahisi kuirudisha.

Na kwa yule anayesimama mbele ya kioo alfajiri, lililo muhimu zaidi ni kwamba hayuko peke yake na hana la kuonea aibu. Mlango wa kwanza wa kubisha hodi ni wa daktari. Wa saluni ufuate baadaye.